Kuku mgeni wa Gasenyi

Baiskeli ilishapita ndipo tukaona kitu kinarukaruka kando ya mtaro. Watoto walidhani ni mfuko wa plastiki unaochezewa na upepo, mpaka walipousogelea na kukuta una macho. Alikuwa kuku mtetea wa kienyeji, wa rangi ya kahawia, kishingo, yaani wale wasioota manyoya shingoni. Bawa lake la kulia lilikuwa limefunguka likiburuta mchanga, na miguu yote miwili ilikuwa imefungwa pamoja kwa uzi wa kiroba.

Mwenye baiskeli alikuwa ameshafika chini. Aliteremka kwa mwendo wa mtu asiyeziamini breki zake, kuku wamening'inia vichwa chini kulia na kushoto mwa usukani, wengine nyuma kwenye keria, mafungu kwa mafungu kama ndizi. Tulimwita. Hakusikia, au alisikia akaona kusimama katikati ya mteremko ule kungemgharimu zaidi ya kuku mmoja.

Jirani yangu, bibi aliyehamia huku akitokea Buyenzi, alitoka uani akamtazama kuku mara moja tu. Ilimtosha.

"Mwanangu, leta kisu. Mchinje sasa hivi kabla hajawa kibudu."

Ushauri wake haukuwa na kosa. Kwa Mwislamu, mnyama akikata roho kabla ya kuchinjwa ni kibudu, hata awe mnono vipi, na nyama yake haiingii chunguni. Na kwa yeyote wa Bujumbura, wa dini yoyote, kuku wa kienyeji ni kitoweo cha mgeni na cha sikukuu. Kumuuguza ni jambo la kuchekwa mtaa mzima. Mimi mwenyewe nala kuku, na sikuokoka siku ile. Nilichomjibu bibi ni kwamba kuku huyu ana mwenyewe, na mali ya mtu haichinjwi bila idhini. Huyu ni amana.

Kwa neno hilo alinyamaza. Ubishi wa kisu angeushinda, wa amana hakuuweza.

Gasenyi ninayoisema si ile ya Kirundo, mpakani, ambako barabara huvuka kuingia Nemba nchini Rwanda. Ni hii ya kaskazini mwa Bujumbura, pale jiji linapoanza kupanda vilima. Mwenye Kirundi husikia ndani ya jina hilo neno *umusenyi*, yaani mchanga, na akitembea huku kwa miguu hawezi kubisha: mvua ikinyesha mchanga huteremka, mvua ikikata huzolewa na kurundikwa kando ya njia kwa ajili ya ujenzi. Wengi wa nje walilijua jina la mtaa huu kwa sababu ya ikulu mpya iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka 2019. Majogoo wa Gasenyi hawakuarifiwa itifaki. Huwika alfajiri kama walivyozoea.

Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji zilizuiwa kuingia katikati ya jiji. Huku pembezoni baiskeli imebaki kuwa lori la asiye na lori, na petroli inapoadimika, jambo ambalo miaka hii tumelizoea kupita kiasi, huwa lori la kila mtu. Kwa baiskeli hushuka makaa, ndizi, mihogo na kuku. Wanaokwenda Bugarama kwa Barabara ya Taifa Namba 1 wamewaona vijana waking'ang'ania nyuma ya malori wakati wa kupanda. Wakati wa kushuka hawamhitaji mtu. Mteremko unawabeba, na kinachodondoka hubaki nyuma.

Basi kikadondoka mlangoni kwangu.

Jambo la kwanza ambalo mtu hulifanya kwa kuku aliyeumia ndilo la mwisho analopaswa kulifanya: kumfungua mdomo na kumnywesha maji kwa nguvu. Tundu la pumzi la kuku liko hapohapo nyuma ya ulimi. Maji yakimiminwa ovyo hushika njia ya mapafu, na kuku ambaye angepona mguu hufa kwa maji ya huruma. Mtoto wangu mkubwa alikuwa ameshaleta kikombe. Tulichofanya ni kuchovya ncha ya mdomo wake kwenye maji yenye sukari kidogo na punje za chumvi, kisha kumwacha. Mara ya tatu alimeza mwenyewe, akiinua kichwa juu kama mtu anayehesabu nyota.

Kisha giza. Kuku aliyeshtuka hahitaji kubembelezwa. Kwake mkono unaompapasa ni mkono uliomkamata. Tulimweka ndani ya katoni ya sabuni iliyotobolewa matundu, chini tukatandika gunia kuukuu, pembeni chupa ya plastiki yenye maji moto iliyofungwa kwenye kitambaa. Joto la mwili wa kuku ni nyuzi 41 hadi 42 za Selsiasi, homa ambayo sisi tungelazwa nayo, na akiwa amejeruhiwa hana nguvu ya kulilinda. Katoni ikafunikwa kwa kanga na watoto wakakatazwa kuchungulia. Wakachungulia.

Uzi wa kiroba ndio ulionitesa usiku ule. Damu ilikuwa imeukaushia miguuni, na kila nilipoutikisa kuku alivuta pumzi kwa sauti. Nilichemsha maji, nusu lita kwa kijiko kimoja kidogo cha chumvi kilichosawazishwa, nikayaacha yapoe hadi uvuguvugu, nikamshikilia miguu ndani ya bakuli kwa dakika kumi. Mtoto alishika tochi ya simu. Uzi ulipolainika nikauona vizuri: haukuwa juu ya ngozi, ulikuwa ndani yake. Upande wa nje wa mguu wa kulia ulizama chini ya magamba, na nyama ilishavimba pande mbili kama midomo. Nilitumia mkasi mdogo wa kucha, ncha yake nikiiingiza chini ya uzi kutoka upande wa nyuma, palipokuwa na nafasi. Nyuzi zilikatika mmoja mmoja. Uzi wa mwisho ulipotoka vidole vya kuku vilifunguka taratibu, kimoja baada ya kingine. Nilikuwa sijui kwamba muda wote ule alikuwa amevikunja.

Asubuhi alikuja daktari wa mifugo anayeishi mtaa wa pili, mtu wa maneno machache. Alimgeuza kuku, akampulizia manyoya ya tumbo, akapitisha kidole kwenye mfupa wa kidari. Mfupa ukiwa mkali kama makali ya kisu, kuku amekaa na njaa muda mrefu. Wa kwetu ulikuwa mkali. Kinyesi chake cha usiku kilikuwa kijani kibichi chenye maji. Hiyo ni nyongo inayopita kwenye utumbo usio na chakula. Alikuwa hajala pengine tangu juzi yake. Kisha akalishika bawa, akalikunjua polepole akilifananisha na la pili, akasimama kati ya kiwiko na kifundo.

"Hapa. Umevunjika, lakini ngozi iko salama."

Ilikuwa bahati, na sababu yake inafaa kujulikana na yeyote anayefuga. Mfupa wa juu wa bawa la kuku, ule unaoungana na bega, una uwazi ndani na umeunganika na vifuko vya hewa vya mwilini. Ukivunjika na kutoboa ngozi, maji utakayomiminia kidonda yanaweza kufika kwenye njia ya pumzi. Mifupa ya chini yake haina hatari hiyo. Ikivunjika bila jeraha la nje, hushika yenyewe alimradi ikunjwe mahali pake na isitikisike. Mifupa ya ndege huunga upesi, wiki tatu au pungufu.

Tulilichana shati la zamani vipande vya upana wa vidole viwili. Daktari alilikunja bawa kama kuku anavyolikunja akiwa amepumzika, akalizungusha kitambaa kwa umbo la namba nane, kisha akaupitisha mzunguko mmoja mwilini chini ya bawa la pili. Hapo nilitaka kukaza. Akanipiga mkono.

"Unataka kumuua? Weka kidole chako hapo ndani. Kikiingia kwa shida, legeza."

Kuku hana ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo ambao sisi huvutia pumzi. Yeye hupumua kwa kuusogeza mfupa wa kidari nje na ndani, kama mvukuto. Mfunge kifua kwa nguvu na umemziba pumzi huku pua ziko wazi. Alipokuwa akieleza hivyo nilikumbuka mafungu yale ya kwenye usukani. Kuku aning'inizwaye miguu juu matumbo yake yote hulalia mahali anapovutia pumzi. Tunasema wametulia njiani. Watatapatapa kwa pumzi gani?

Plasta ilibandikwa juu ya kitambaa tu, kamwe si juu ya manyoya. Kidonda cha mguu kilisafishwa kwa maji ya chumvi, kikapakwa asali, kikafungwa kitambaa chepesi. Dawa zilizoletwa na majirani siku hiyo zilikuwa mafuta ya breki, majivu, dawa ya zambarau, na vidonge vya maumivu alivyobakiza mtu aliyeumwa jino. Tulichukua ya zambarau peke yake, tukaipaka kwenye michubuko ya bega. Faida yake nyingine ni kuficha wekundu, maana kuku wakiona damu kwa mwenzao humdonoa hapohapo hadi wamtoboe. Unga wa viuavijasumu unaouzwa madukani daktari aliukataa. Hakuna usaha, alisema, na dawa hiyo hupita hadi kwenye mayai, utaila wewe.

"Anasikia maumivu kama sisi?" mtoto aliuliza. Daktari alikuwa ameshaanza kukusanya vitu vyake, nikabaki na swali.

Jibu zuri kuliko yote ninayoyajua lilitoka Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, mwaka 2000. Watafiti waliwachukua kuku wa nyama, wazima na wanaochechemea, wakawawekea vyakula viwili vya rangi tofauti, kimoja kikiwa na dawa ya kutuliza maumivu. Baada ya kuzifahamu rangi, wanaochechemea walikula zaidi chenye dawa kuliko wazima walivyokila, na kadiri mguu ulivyokuwa mbovu ndivyo walivyozidi kukichagua. Hawakufundishwa na mtu. Nilimweleza mtoto hivyo. Akafikiri, kisha akauliza kama kuku wetu angechagua rangi gani.

Chakula kilikuwa kazi rahisi, kwa sababu Bujumbura ina ndagala. Vidagaa hivi vya Ziwa Tanganyika vikikaushwa na kutwangwa pamoja na mifupa yake ni nyama na chokaa kwa pamoja, na chokaa ndiyo inayotakiwa. Ganda la yai moja lina takriban gramu 2 za kalsiamu, na kuku anayetaga asipoipata kwenye chakula huikopa kwenye mifupa yake mwenyewe. Aliyevunjika mfupa hana cha kukopesha. Basi ndagala zisizo na chumvi nyingi, chenga za mchele, mahindi yaliyoparazwa, lengalenga zilizokatwa nyembamba, na maganda ya mayai yaliyokaangwa kikavu na kusagwa hadi asiyatambue. Kuku akizoea kuona ganda kama ganda, atajifunza kula mayai.

Vitu viwili vilipigwa marufuku, na vyote viwili viko tele Burundi. Maharage mabichi, ambayo hata punje chache zina sumu inayokufa kwa kuchemshwa sawasawa tu, na parachichi, ambalo huwadhuru ndege moyo. Watoto walikuwa wameshamwekea kipande cha parachichi, lililoiva vizuri, kwa mapenzi.

Siku ya nne alisimama. Siku ya sita nilifanya kosa langu.

Kulikuwa na joto, nikafungua dirisha la stoo na kutoa kanga juu ya katoni apate hewa. Jioni niliposogea nilisikia harufu, tamu kidogo, isiyo ya kuku. Kitambaa cha mguu kilikuwa na unyevu upande wa chini. Nilipokifungua kidonda kilikuwa kinacheza. Nzi hutaga kwenye kidonda kilicho wazi kwa dakika chache, na katika joto la huku mayai hayo huanguliwa hata kabla ya siku kuisha. Funza walikuwa wadogo kama punje za wali uliovunjika, weupe, wamesimama vichwa chini mikia juu wakipumua kwa upande wa nyuma. Niliwatoa mmoja mmoja kwa kibanio cha nyusi, nikamimina maji ya chumvi, wakatoka wengine, nikamimina tena. Nilihesabu hadi thelathini na kitu, nikaacha kuhesabu. Kuku hakupiga kelele hata mara moja. Alitazama ukutani. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakusema habari ya kisu.

Kuanzia siku ile kidonda kilisafishwa asubuhi na jioni, na kitambaa kipya kilianikwa kwanza juani. Chandarua cha mtoto kilichochanika kikaifunika katoni. Nyama nyekundu yenye punjepunje ikaanza kupanda kutoka chini ya jeraha. Hiyo ndiyo dalili njema: kidonda hupona kutoka ndani kuja nje. Kikifunga juu kabla ya chini, kimefungia ugonjwa ndani.

Wakati wote huo hakukutana na kuku mwingine, na hapa ndipo nilipogombana na jirani wa upande wa pili, aliyetaka nimwachie tu uani kwake wenzake wamchangamshe. Kuku wa njiani hujui ametoka wapi wala amelala na nani. Ugonjwa ambao Watanzania huuita mdondo au kideri, uliotambuliwa mwaka 1926 kisiwani Java na kwenye mji wa Newcastle, Uingereza, huweza kulisafisha banda lote lisilochanjwa kwa siku chache, na mara nyingi huingia uani ukiwa ndani ya kuku mmoja mgeni aliyenunuliwa sokoni. Watanzania wana chanjo yake inayostahimili joto, I-2, mbegu yake ikiwa imetoka Australia; hutiwa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Januari 2017 Uganda ilithibitisha mafua ya ndege kando ya Ziwa Viktoria, karibu na Entebbe, na majirani wote wa Maziwa Makuu wakakumbushwa kwamba ndege hawana pasipoti. Kwa hiyo wiki tatu peke yake, viatu vya stoo visitoke stoo, mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada. Jirani alisema ninamlinda kuku kama balozi.

Bibi ndiye aliyeleta kamba. Ilikuwa siku ya kumi, daktari alikuwa amekuja kulifungua bawa, akalinyoosha mara chache lisije likakakamaa, akalifunga tena. Kuku alitolewa nje ya katoni kwa mara ya kwanza. Bibi akatoa kwenye pindo la kanga kipande kirefu cha kitambaa laini kilichosokotwa vizuri, kazi ya mikono yake.

"Mfunge huyo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni."

Methali hii tumezoea kuisema kwa watu: mgeni hatakosa kitu cha kumtambulisha kuwa ni mgeni. Lakini mwanzo wake ni shughuli ya kweli ya uani. Kuku aliyenunuliwa leo akiachiwa leo hutoroka, kwa hiyo hufungwa mguu mmoja kwenye mti siku mbili tatu mpaka ajue hapa ndipo kwake. Kamba ya methali ni ya kumzoesha mtu nyumba, tena ni ndefu, na kuku huzunguka nayo akichakura. Ile ya kiroba ilikuwa ya namna nyingine kabisa. Nilimwonyesha bibi kovu. Aliitazama kamba yake, akaitundika kwenye msumari wa mlango.

"Basi akitoroka usiniulize."

Hakutoroka. Wiki ya tatu ilipokwisha alihamia kwenye tenga, na tenga likawekwa katikati ya kuku wa bibi ili waonane bila kufikiana. Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyewachunguza kuku tangu utotoni na kuandika habari zao mapema miaka ya 1920, ndiye aliyewaonyesha wasomi kile ambacho kila mfugaji alikijua: kundi la kuku lina ngazi, kila mmoja anajua anamdonoa nani na anadonolewa na nani. Anayeingia akiwa na bawa lililofungwa huingia kwenye ngazi ya chini kabisa, penye damu. Siku mbili za kutazamana kupitia fito za tenga zilipunguza vita vilivyofuata vikawa vya saa moja hivi. Jogoo wa bibi alijifanya hakumwona.

Mwenye mali alipatikana Jumamosi. Watoto walimtambua kwa kofia yake ya njano akiwa anapanda na baiskeli tupu, wakamleta wakimvuta shati.

"Bwakeye, mama. Nasikia kuku yangu iko hapa."

"Yuko."

Nilimwonyesha. Alimshika kwa namna ileile ya daktari: akampulizia tumbo, akapitisha kidole kwenye kidari, ambacho sasa kilikuwa na nyama. Mtu anayeishi kwa kuuza kuku anamjua kuku. Aliutazama mguu, akalitazama bawa, akacheka kidogo kwa aibu.

"Huyu sasa ni nusu wangu nusu wako."

Tukakubaliana nusu ya bei ya soko la Kamenge. Nikalipa. Bibi alikuwa shahidi, akasema sasa ni halali.

Ndipo nikamuuliza kwa nini hatumii tenga. Nilikuwa na hotuba tayari. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kuku naye ni mnyama mwenye uti wa mgongo kama ng'ombe. Nilitaka kumwambia pia kwamba kuku akifa njiani hasara ni yake. Hakuningoja nifike huko.

"Tenga linakula nafasi, mama. Moja linaingia kuku kumi na mbili, mimi nabeba thelathini. Na tenga likikatika, wanaanguka wote."

Kwa hesabu yake ana haki. Hesabu yangu inaanza na uzi uliozama chini ya magamba, na yeye uzi huo hajawahi kuutoa. Kuku humfia mtu mwingine, mbali na macho yake. Nilimpa vipande vya shati vilivyobaki afungie miguu badala ya kiroba. Alivipokea kwa mikono miwili, akavitia mfukoni. Jumamosi iliyofuata alipita akiteremka, kofia ileile, kuku vichwa chini, naye akapiga kengele na kunipungia mkono. Kwa mwendo ule sikuweza kuona wamefungwa kwa kitu gani.

Wiki iliyopita nilialikwa harusi, nikala kuku, nikaombwa niongezewe, nikaongezewa.

Nyuma ya nyumba kuna rundo la mchanga la jirani anayejenga. Bibi ndiye aliyeniita, akininong'oneza kama mtu aliyeona mwizi. Kishingo alikuwa amejichimbia shimo kwenye ubavu wa rundo, amelala upande, shingo tupu imenyooshwa chini, jicho limefumbwa nusu. Kuku mgonjwa haogi. Alikuwa akiutupa mchanga mgongoni kwa miguu, kisha akajigeuza na kuufungua ubawa wa kushoto wote, mchanga ukapita katikati ya manyoya hadi kwenye ngozi. Akajigeuza tena. Bawa la kulia lilifunguka robo tatu, likasita hapo. Akalitikisa hivyohivyo.

"Mwenye mchanga atakudai," bibi akasema.